Swichi ya Mzee Marhoon

Mzee Marhoon alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne kukimbilia Oman, na kanzu mbili, mke mmoja, mjukuu mmoja wa kike, na swichi ya shaba ya kengele ya mlango. Wenzake aliosafiri nao walificha dhahabu, wengine hati za mashamba, na mmoja alibeba mbegu za mikarafuu akitaraji zitaota jangwani. Yeye swichi yake aliifunga kwenye leso akaiweka kifuani kama hirizi. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia hiyo ndiyo swichi iliyowasha fashifashi za Forodhani, zile fataki zilizong'ara mpaka majogoo wa Pemba wakawika saa tatu usiku, na wenyeji wakaruka vitandani wakidhani alfajiri imewapita.

Na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Ndani ya hadithi ile ukweli ulikuwemo. Alikuwa karani wa forodha, umeme alijifunza mwenyewe kwa kufungua vitu vya watu na kushindwa kuvifunga, na siku moja, kwenye harusi ya mpwa wake mtaani Malindi, hukohuko Unguja, aliwasha kweli fashifashi kwa umeme, mwenyewe akiwa amekaa mbali na miguu kaikunja. Zilikuwa chache na ndogo, lakini ziliwaka. Ila Mzee Marhoon alikuwa na maradhi yake: hawezi kukupakulia ukweli mkavu mpaka autie tui la nazi, na tui la kwanza likimwagika hulifuatishia la pili. Kwa hiyo hakuna aliyemwamini hata alipokwambia leo Ijumaa.

Basi ikawa mwaka wa sabini, ule mwaka ambao watu wa Maskati walianza kutembea baada ya isha bila kushika taa mkononi, na milango ya mji ikaacha kufungwa usiku kwa mlio wa mzinga. Mjukuu wake, Nasriya, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Aflah, wa ukoo wa watu wa milimani, watu wa maneno machache. Wiki ya harusi Nasriya alimfuata babu yake barazani kwao Wattaya, nje kidogo ya mji, akakaa chini mbele yake, akawa anavuta uzi wa mkeka.

"Babu, nna neno."

"Sema, mboni yangu."

"Kule kwa wakwe zangu wananicheka. Nikisema wali umeiva, mamake Aflah ananiuliza: umeiva kweli, au umeiva kwa hadithi za babu yako? Juzi nimesema kisima chetu kina maji matamu, wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta."

Mzee Marhoon akajifanya anasafisha miwani yake, iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi.

"Mimi sikulaumu," Nasriya akasema. "Hadithi zako nimelala nazo tangu mdogo. Lakini mimi ndiye ntakayekwenda kukaa kwao, babu, na kila ntakalosema litapimwa kwa maneno yako. Nakuomba moja tu. Moja iwe kweli, na waione kwa macho yao."

Babu mtu hakuwa na ujanja mbele ya macho yale. Akaapa. Fashifashi zitaruka siku ya harusi, na zitawashwa kwa umeme, kwa swichi ileile, mbele ya wakwe wote.

Ruhusa ilibidi itoke kwa Sheikh Ghanim, ami yake Aflah, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa upande wa bwana harusi na ndiye mwenye Landrova. Sheikh Ghanim alisikiliza mpaka mwisho, akasukasuka kikombe chake kuonyesha kahawa inamtosha, akasema:

"Marhoon, hapa Wattaya nusu ya nyumba ni barasti. Makuti makavu ya mtende, cheche moja inatosha kututia sote jangwani. Ukiweza kuwasha bila mtu kusogea na moto, washa. Tukitoka msikitini magharibi uwe tayari. Ukishindwa, vijana wetu watapiga bunduki hewani kama ilivyo desturi yetu, na baruti zako utazitumbukiza kisimani."

"Kwa umeme, sheikh, hakuna moto wa mkono. Mimi Unguja nilipobonyeza, Pemba—"

"Najua," akasema Sheikh Ghanim. "Majogoo."

Fashifashi zilipatikana kwa Banyani mmoja wa Matrah, aliyebakiwa nazo baada ya sikukuu yao. Waya mrefu wa nyaya mbili zilizovikwa kitambaa ulipatikana kwa mchuuzi mwingine, aliyekuwa ameufukia stoo chini ya magunia ya dagaa wakavu. Ulinuka dagaa mpaka kondakta wa basi, kama pangekuwa na basi, angemtoza nauli ya samaki. Mzee Marhoon hakujali. Umeme hauna pua.

Kazi ngumu ilikuwa vile vichwa vya kuwashia, kimoja kwa kila fashifashi: kijiti, uzi wa waya mwembamba kuliko unywele, na dawa kidogo ya kushika moto umeme ukipita. Uzi ukikatika anautafuta sakafuni kwa kupapasa, akiupata ni unywele wa Bi Mahbuba. Betri za tochi alizojaribia kwanza zilikuwa zimekaa dukani kiangazi kizima, nguvu yote imeyeyuka. Alichopata ni harufu. Akaazima betri ya Landrova. Akaunga kichwa kimoja kwa kipande kifupi cha waya, pale pale uani, akabonyeza.

Tss. Ulimi wa moto ukachomoza, mweupe, safi.

"Bi Mahbuba! Umeona?"

Mkewe alikuwa amempa mgongo, anakaanga sambusa. "Nimeona nini?"

"Umewaka!"

"Moto wangu? Unawaka tangu asubuhi." Akageuka, akauona moshi. "Ukweli, baba, sikuona. Siwezi kusema nimeona na mimi sikuona. Lakini nakwambia tena, vitu hivyo vimekutana na macho ya watu. Huyu jirani yetu Sleyum kaviangalia sana jana. Niache nivifukize ubani."

"Ubani! Baruti inafukizwa kwa makaa ya moto? Mwanamke, unataka tukazikwe kwa vipande?"

"Nguo za harusi zimefukizwa, kitanda kimefukizwa, hata birika limefukizwa. Kisichofukizwa ni hicho chako tu, na ndicho kisichokwenda."

Alimkataza, na akamkataza tena alipomkuta anapekua mfuko wa ubani wa Dhofar.

Siku ya harusi yenyewe, baada ya adhuhuri, alizipanga fashifashi kwenye ubao mrefu katika mkondo mkavu wa wadi, ule mto wa siku za mvua, nyuma ya bustani ya mitende, mbali na barasti zote. Waya akaulaza kupitia bustanini mpaka barazani kwake. Pale akageuza sanduku la chai likawa meza, akaweka betri chini na swichi ya shaba juu, ameisugua kwa ndimu mpaka inang'ara. Bustanini walikuwa wamefungwa mbuzi walioletwa na wakwe kwa ajili ya karamu, wengine wameshachinjwa, mmoja mweusi amebaki, kamba yake ndefu kupita haja.

Alasiri akafanya jaribio. Alikuwa ameunganisha kichwa kimoja kitupu kule mwisho, kisicho na fashifashi, na zile nyingine hajaziunga bado, ili aone kama umeme unafika. Sheikh Ghanim alikuja kushuhudia. Sleyum, jirani yao, Mpemba aliyekimbia naye, alikuja bila kualikwa, na kikombe cha kahawa mkononi.

Mzee Marhoon akasema bismillahi, akabonyeza.

Kimya. Huko wadini ndege mmoja akaruka, akatua palepale alipokuwa.

Akabonyeza tena. Akafungua swichi, akaipuliza, akaifunga. Akakwaruza ncha za betri kwa kisu. Akabonyeza. Akaenda mpaka wadini kwa mguu, jua linamchoma kisogo, akakiangalia kile kichwa: kizima, kimetulia kama mgeni aliyekaribishwa chakula. Akakibadilisha. Akarudi, kanzu imemganda mgongoni, akabonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza kwa kiganja, akabonyeza kama anaua kunguni.

"Umeme umekwenda wapi, Bwana Marhoon?" Sleyum akauliza. "Labda umepitia Pemba kuwasalimia majogoo."

"Nyamaza, Sleyum."

"Au ni huu wa huku haujui Kiswahili. Hebu ubonyeze kwa Kiarabu."

Sheikh Ghanim hakucheka, na hilo ndilo lililouma. Alimtazama tu Mzee Marhoon kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, akasema, "Usijichoshe, Marhoon. Bunduki zipo." Akaondoka taratibu. Kwenye mlango wa ua Mzee Marhoon aliiona nguo ya kijani ya bibi harusi ikipita ndani haraka. Nasriya alikuwa amesimama pale. Ameona yote.

Basi uchungu ukampanda. Alikuwa amekagua vichwa, amekagua betri, amekagua swichi. Kitu pekee ambacho hakukikagua ni waya, kwa sababu waya ni waya, umelala chini, utafanya kosa gani? Akalipiga teke sanduku la chai, na kosa akazitupia fashifashi, ambazo hata hakuzijaribu.

"Zimekufa hizi!" akapiga kelele, wanawake wa jikoni wote wakasikia. "Banyani kaniuzia maiti! Hizi hata uzitie kwenye tanuri la chokaa haziwaki! Hata uzikalie na kaa la moto ukinywa chai, haziwaki!"

"Sleyum na macho yake," akasema Bi Mahbuba kutoka ndani, taratibu.

Adhana ya magharibi ikaingia. Mzee Marhoon alikuwa na hasira lakini hakuwa mjinga. Alifungua waya kwenye betri, akazikunja ncha mbali mbali, kisha akaichomoa swichi yenyewe na kuitia mfuko wa kanzu, mtoto asije akachezea. Akatawadha, akaenda msikitini, akasimama safu ya mbele karibu na Sheikh Ghanim, akaomba Mungu ampe njia ya kumtazama mjukuu wake usoni.

Walikuwa kwenye rakaa ya mwisho mbingu ilipopasuka.

Kwanza ilikuja mluzi, kisha mwingine, kisha ikawa kama mitende yote ya Oman imechanua moto juu. Madirisha ya msikiti yakageuka mekundu, yakawa kijani, yakawa dhahabu. Imamu, Mungu amrehemu, hakukata sala, ila ile atahiyatu aliisoma mbio kuliko aliyefukuzwa na nyuki. Wako watu wa Qantab wanaoapa kwamba waliziona, na kati ya Qantab na Wattaya kuna mlima mzima, sasa hapo mimi siongezi neno. Fashifashi moja ilitua kwenye birika la kutawadhia, ikazima kwa sauti kama ya mtu aliyeudhika. Hakuna kuti lililoshika moto.

Salamu ya pili ilipotolewa tu, watu walimmiminikia Mzee Marhoon. Sheikh Ghanim, yule mtu wa maneno machache, alimkumbatia, akambusu pua kwa desturi yao, akamshika mabega.

"Nimekudhulumu," akasema. "Wallahi nimekudhulumu, na hadithi zako zote nimezidhulumu."

"Sheikh, sikiliza," akasema Mzee Marhoon. "Siyo mimi. Nilikuwa hapa nasali. Betri nimeifungua. Swichi yenyewe hii hapa." Na ili wamwamini akaitoa mfukoni, ikang'ara mbele ya macho yao wote.

Watu wakasogea karibu.

"Mfukoni," akasema mzee mmoja.

"Bila waya," akasema mwingine.

"Kutoka msikitini," Sheikh Ghanim akasema polepole, akiitazama swichi kama anayetazama upanga wa mababu. Kisha akakunja uso. "Lakini, Marhoon, ndugu yangu. Umebonyeza ndani ya sala?"

"Sikubonyeza! Hilo ndilo ninalowaambia!"

"Niliuona mkono wake ukigusa mfuko," akasema Sleyum, na Sleyum hakuwa anatania, macho yalimtoka. "Alipokuwa anakwenda kusujudu. Bwana Marhoon, nisamehe. Na wale majogoo nakusamehe pia."

"Hakuna cha majogoo! Sikiliza, Mpemba wee, majogoo niliwaongeza mwenyewe!"

Wakacheka kwa mapenzi. Mtu mkubwa hujishusha, wakasema. Na imamu akaja kumwambia kwa upole kwamba sala yake airudie, kwa tahadhari.

Alirudi nyumbani anatembea kama aliyepigwa. Alipita moja kwa moja hadi wadini. Ubao ulikuwa mweusi, vichwa vyake vya kuwashia bado vimefungwa kwenye mabaki ya fashifashi, vimeungua kwa nje, havikuungua kutoka ndani. Na kando ya ubao, umevunjika vipande viwili, ulikuwapo udongo wa rangi anaoujua: chetezo cha mkewe cha kufukizia ubani. Hatua chache mbele palikuwa na ndara ya kulia ya kike, ya kushoto haipo.

Alimkuta Bi Mahbuba chumbani, amekaa mbele ya kioo, ametulia mno. Nyusi zake zilikuwa nyeusi tii, zimechorwa kwa wanja kama za bibi harusi.

"Nyusi zako ziko wapi?"

"Hizi hapa."

"Zako, Bi Mahbuba. Ulizozaliwa nazo."

Akamtazama kwenye kioo, kisha mabega yakamshuka. "Si wewe uliyesema hata mtu azikalie na kaa la moto haziwaki? Nikasema basi hakuna hatari, nivifukize maskini, labda vitazinduka. Nimezunguka mara moja tu, kaa likaruka."

"Nilisema kwa hasira! Ni maneno!"

"Na mimi nitajuaje lini ni maneno?" akasema. "Miaka yote hii nimekuwa sikuamini, leo nimekuamini, ona sasa."

Mzee Marhoon alikaa kitandani. "Inuka. Twende ukamwambie Sheikh Ghanim. Wanadhani nimewasha kwa mfuko, nikiwa katika sala."

"Mimi? Nikasimame mbele ya wakwe niseme nimewasha fashifashi kwa chetezo, na nyusi zangu nimeziacha wadini? Nife kwanza. Chetezo changu hakikutoka jikoni. Muulize yeyote." Akachukua wanja akaongeza upande wa kushoto.

Ikabaki Nasriya. Alimkuta anaagwa, amefunikwa ushungi, mamake Aflah amemshika mkono kama kitu cha thamani. Mama yule alimwinamia Mzee Marhoon kwa heshima. "Mjukuu wako ametuambia kisima chenu kina maji matamu," akamwambia. "Kesho tutatuma mtu atuchotee."

"Nasriya," babu akanong'ona, akimvuta pembeni. "Nataka uondoke na neno la kweli. Sikuwasha mimi. Waya haukufanya kazi. Sijui kwa nini, lakini haukufanya. Ni bibi yako, kwa chetezo cha ubani."

Ndani ya ushungi alisikia kitu kama kicheko, kisha kama kilio, kisha vyote viwili.

"Babu yangu," akasema Nasriya. "Moja tu nilikuomba, na umenipa, na mbele ya watu wote. Tafadhali hiyo usiitie nazi." Akambusu mkono, akaingia kwenye Landrova, ambayo betri yake ilikuwa imerudishwa kwa wakati. Vigelegele vikaifuata mpaka vumbi lilipotua.

Alibaki barazani peke yake. Ndani, Sleyum alikuwa ameshaanza kuwasimulia wageni, na katika msikiti wa Sleyum madirisha yalikuwa yameshavunjika. Mzee Marhoon akachukua taa akaufuata waya, safari hii kwa mkono, shubiri kwa shubiri, kupitia bustanini. Karibu na kisima akasimama. Mbuzi mweusi wa wakwe alikuwa amelala juu ya waya, anatafuna polepole, amefumba macho kwa raha. Kitambaa chote cha pale kilikuwa kimeliwa kwa ajili ya harufu ya dagaa, maana mbuzi wa Oman hulishwa dagaa tangu wadogo, na nyaya mbili zimekumbatiana uchi. Umeme ulikuwa unatoka vizuri barazani, unafika kwa mbuzi, unarudi nyumbani.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mbuzi akatafuna.

Hakuweza kumlaumu, alikuwa mbuzi wa wakwe. Akazitenganisha nyaya, akazifunga kwa kipande cha leso yake. Betri ilikuwa imeondoka na Landrova, lakini stoo kulikuwa na tochi ya mgeni, na betri zake zilikuwa mpya. Kimebaki kichwa kimoja, kile alichokitoa alasiri akakitupa mfukoni. Akakifunga palepale bustanini, upande wa pili wa kiraka, upande huu akaunga betri za tochi na swichi ya shaba, akachuchumaa. Magoti yakalia.

Akabonyeza.

Tss. Ulimi mweupe ukachomoza, ukasimama, ukaangaza shina la mtende na jicho moja la njano.

Akageuka haraka kutazama nyuma yake. Mlango wa baraza ulikuwa wazi, na kila mtu ndani alikuwa amemgeuzia mgongo, anamsikiliza Sleyum.

Mbuzi alikuwa ameona. Akamtazama Mzee Marhoon kwa muda, kisha akainama akaanza kuitafuna leso.